Kurasa Zilizogandana

Adela mwanangu,

Kaa vizuri kwanza, maana barua hii imeandikwa na mtu ambaye mashine zote za fotokopi kuanzia hapa Kibondo mpaka Kasulu zikisikia ndala zake zinakokota, zinawaka zenyewe, umeme uwepo usiwepo. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili nilikikanyaga nusu, lakini mkoa huu wote maprofesa wakikwama wanakuja kwangu. Sawa, profesa mmoja. Sawa, alikuwa mwalimu mkuu, na alikuja kuuliza choo kiko wapi. Lakini alikuja, na nilimwelekeza vizuri.

Kama umecheka, nashukuru. Ukicheka mimi napata pa kuanzia.

Umepita hapa dukani jioni hii kuchukua chaja, ukaniona nimeinamia meza, ukasema, "Baba, hiyo printa imeshakufa, iache ipumzike." Nikakujibu printa haifi mikononi mwangu, inasinzia tu. Uongo. Ilikufa tangu Pasaka. Nilikuwa naandika hii.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Chakula gani usile stendi, nani wa kumfungulia mlango, namna ya kuficha simu, mama yako ameanza kukupa hayo tangu Jumapili na bado hajafika katikati, namsikia huko jikoni. Mimi nataka kukuandikia juu ya kile kifurushi kilichoko chini kabisa ya begi lako, ulichokizungushia kitenge cha Bibi.

Tunajua wote kuna nini humo. Kurasa za kitabu cha ubatizo cha kanisa la Bibi, Heru Juu, zimeshikana zikawa kitu kimoja kigumu kama mche wa sabuni. Katikati ya huo mche yupo Bibi: jina lake, la baba yake, la mama yake, kilima walichokaa, na siku padre alipommwagia maji kichwani. Hakuna karatasi nyingine duniani inayosema mama yangu alizaliwa Heru Juu. Shule hakukanyaga, cheti hana. Yupo hai, anasema mwenyewe alizaliwa wapi, tena anakutajia na mgomba ulikuwa upande gani wa nyumba, lakini mdomo wa Bibi haugongwi muhuri. Na sisi wa huku mpakani, ukienda kuomba kitambulisho cha taifa, unaulizwa bibi yako alizaliwa wapi, uonyeshe. Fomu yako imekaa hapo hapo. Kesho unapanda basi kwenda Dodoma kusomea utunzaji wa nyaraka kwa barua ya mtendaji wa kijiji, na chuo wamesema sawa, njoo nayo, lakini namba ya kitambulisho utaileta.

Unasema walimu wa huko watajua namna ya kuzifungua hizo kurasa. Padre kakuandikia ruhusa ya kuzibeba. Jana ulikuwa unamwambia mama yako, "Mama, kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kufungua karatasi zilizogandana," unasema huku macho yanang'aa, na mimi nikatoka nje kwenda kutazama bodaboda za watu.

Basi ngoja nikusimulie kazi ile tangu mwanzo. Mengine unayajua, mengine uliyasikia kutoka kwangu, na kusikia kutoka kwangu unajua mwenyewe kulivyo.

Siku Katekista Bonifasi wa Heru Juu alipofika dukani wewe ulikuwa unasoma Kasulu, unakaa kwa Bibi. Alikuja kutoa kopi ya barua tu. Akaiona skana, akauliza, "Hiki nacho ni nini?"

"Hiki kinaingiza karatasi kwenye kompyuta. Ikishaingia, mchwa hawaipati tena."

Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Akasema kule parokiani mchwa wameshafika sanduku la chini, na kila wiki watu wanakuja kuomba barua za ubatizo za wazazi wao kwa ajili ya vitambulisho, na kila anapofungua kitabu kinamwachia vipande mkononi.

"Unaweza kuviingiza humo vyote?"

"Katekista, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, nani mwingine yuko hapa?"

"Vipo vingapi?"

"Rafu nzima."

"Lete rafu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Hata kuosha mikono sikujua kama ni sehemu yake.

Kitabu cha kwanza nilikifanyia kama ninavyofanyia daftari la mwanafunzi. Nikakifungua katikati, nikakilaza kifudifudi kwenye kioo, nikaegemea kifuniko kwa kiwiko. Mgongo ukalia. Sauti yake ni ya kijiti kikavu, Adela, ndogo tu, lakini Bonifasi aliisikia akiwa mlangoni.

"Ni kitabu hicho?"

"Ni mashine," nikasema. "Huwa inalia."

Unaona? Sikuwaza hata kidogo. Mdomo wangu huwa umeshafika, mimi bado niko njiani natafuta viatu.

Aliyeniokoa ni Papa Dezire. Unamkumbuka, yule Mkongo mrefu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akipata kibali anakuja kuuza batiki, anatembea kama mtu anayeogopa kuiumiza barabara. Kwao, kabla ya vita, alikuwa anashona na kutengeneza vitabu katika maktaba ya seminari. Siku hiyo alikuja kutoa picha za pasipoti za wajukuu. Akaniona na kiwiko changu.

"Mutoto, unafanya nini ku kitabu ya watu?"

"Naskani, Papa."

"Hapana. Uko unaichinja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikitoa kile kitabu kwenye kioo kwa mikono miwili, kama unavyomtoa mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake, akauliza kama mama yako ana maharage. Nikamwambia, Papa, tuko Kibondo, maharage ndiyo tuliyonayo. Akajaza vifuko vya kitambaa, akaviweka huku na huku, akakilaza kitabu katikati na kukiachia kifunguke chenyewe. Kilifunguka kidogo tu, kama mlango wa mtu asiyekujua.

"Apa njo mwisho yake," akasema, na njo yao ni sawa na ndio yetu. "Ikikatala, usiikaze. Kamera njo itainama, si kitabu."

Nilijifunza kwake yote ambayo sasa najisifia barabarani. Mikono ioshwe na ikauke kabisa. Usilambe kidole kugeuza ukurasa, unamwachia mate mtu aliyekufa zamani. Shika kona ya juu, ingiza kiganja chote chini ya karatasi, ndiyo uigeuze. Usiwashe mwanga wa simu usoni kwake. Weka dirisha huku na taa huku, kivuli kife chenyewe. Piga picha, itazame, isome, hakikisha hata herufi ya pembeni inaonekana, ndipo ugeuze. Na kitabu hakipandi gari. Simu ndiyo inayopanda gari kwenda kwa kitabu.

Stendi ya kushikilia simu niliibuni mimi. Hilo ni la kweli, usiniibie. Chuma cha baiskeli ya babu yako, sahani ya feni, na nati tatu. Fundi wa kuchomelea aliniuliza ni ya kukamatia nini. Nikamwambia ni ya kukamatia marehemu.

Tulifanya kazi kule parokiani majira yote ya kiangazi, mimi na Bonifasi, na wewe siku zisizo za shule ulikuwa unakuja kutuletea viazi kutoka kwa Bibi. Nilikupata nikiwa bado nacheza chandimu, Adela. Watu wakituona pamoja Kasulu walidhani mimi ni kaka yako, na mimi sikuwasahihisha. Kiangazi kile ndipo nilipojiona baba. Ulikuwa unasimama mlangoni, unatazama simu inavyoinamia kitabu, huongei. Mwanangu mimi, haongei! Nikajua kuna jambo.

Nilikosea mengine mengi na hayo nakupa bure. Picha za mwanzo niliziita "kitabu", "kitabu kipya", "kitabu kipya kabisa", "hiki ndicho", halafu "hiki ndicho kweli". Siku padre alipotaka ukurasa mmoja tulitafuta mpaka akatuacha akaenda kusali. Kuanzia hapo kila picha ikapewa jina la kitabu chake na ukurasa wake, hata kama inachosha. Halafu nikaweka kazi yote ya wiki kwenye memori kadi moja, na kijana mmoja wa stendi akaiazima kuwekea nyimbo. Akairudisha ina nyimbo. Nzuri, lakini nyimbo. Tukarudia. Tangu hapo picha zinakaa sehemu tatu, kompyuta ya hapa, flashi ya padre, na nyingine kwa Bonifasi ndani ya kopo la majani ya chai.

Na kuna kitu kimoja ambacho sijui kama huko chuoni kinafundishwa. Watu walikuwa wanakuja dirishani. Wamesikia majina yanasomwa. Siku moja alikuja mama mmoja aliyeolewa Nyakitonto, ametembea na kuku kwapani, akasema, "Nitafutieni baba yangu." Tukamtafuta. Bonifasi alipolikuta akalisoma kwa sauti, jina zima, na yule mama akaitika "abee" kama vile kaitwa yeye. Halafu akaona aibu, akakitazama kile kitabu, akauliza kama anaruhusiwa kukigusa. Bonifasi akanitazama mimi. Mimi! Nikamwambia aoshe mikono kwanza.

Siku ile nilikuwa mtu, mwanangu. Sijawahi kuwa mtu kiasi kile.

Kikabaki kitabu kimoja. Ndicho hicho, chenye kilima cha Bibi. Kiangazi kilikuwa kimekwisha, mvua zimeanza, barabara ya kupanda Heru Juu imekuwa uji, na mimi nilikuwa nimeshachoka kulala kwenye mkeka wa Bonifasi. Shule zilikuwa zinafunga, unakuja nyumbani. Nikampigia Bonifasi simu, nikamwambia ampe Adela aje nacho, nitakimaliza hapa hapa dukani kwa raha zangu.

Papa Dezire alikuwa amekaa pale pale uliposimama leo ukinitania. Aliposikia alinyanyua kichwa.

"Kitabu haipandi gari."

"Papa, ni kimoja tu."

"Kimoja njo kinapotea. Ikiwa mingi, batu banaangalia."

Sikumsikiliza. Hilo nalo nakupa.

Ukaja nacho. Kutoka Heru Juu mpaka Kasulu mjini mvua iliwakuta juu ya bodaboda, hakuna hata banda la kujibanza, halafu ukapanda gari la Kibondo umelowa hivyo hivyo. Uliingia hapa maji yanakutiririka mpaka kwenye kope. Ulikuwa na kile kitabu tumboni, ndani ya sweta, ndani ya nailoni, ndani ya kanga. Mama yako alikuwa anakufokea uvue nguo, na wewe ukakataa kuvua mpaka nikipokee.

Kesho yake ukaambiwa maji yameingia, kurasa za katikati zimeshikana na wino umetembea. Nilikwambia mimi. Ulikitazama, ukakinusa, ukasema kwa sauti ndogo, "Lakini Baba, nilikifunga." Nikasema maji yana njia zake.

Hukula siku ile. Ulivyorudi shule ulikwenda kwa Bibi ukapiga magoti, nimesimuliwa, ukamwambia, "Bibi, nimekulowesha." Yeye akasema, "Mwana wanje, mvua sio mtu wa kugombana naye," akakupa ndizi. Bonifasi akasema mtoto ni mtoto. Hakuna aliyekupiga wala kukutukana. Labda wangekutukana ungepona. Tangu hapo wewe hubebi hata sufuria ya jirani bila kuuliza mara mbilimbili itaharibika au haitaharibika. Na fomu za vyuo zilipotoka, wenzako wakijaza uuguzi na ualimu, wewe ukajaza utunzaji wa nyaraka. Mwalimu akakuuliza kwa nini. Ukamjibu kuna kitu uliharibu.

Mwalimu akanisimulia mimi, anacheka, anasema mwanao ana utu. Nikacheka naye.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapopapasa. Nimejaribu kuzifungua hizo kurasa mwenyewe, wewe hujui. Nilijaribu kwa wembe. Nilijaribu kwa mvuke wa birika, wino ukazidi kutembea nikaacha. Nilimwonyesha Papa Dezire, kabla serikali haijabana vibali vya watu wa kambini na hajaacha kuja. Akachukua ule mche, akaupima mkononi, akaugonga kwa ukucha, akaunusa muda mrefu.

"Kuliingia nini umu?"

"Mvua, Papa."

"Karatasi ya mvua ailiaki sawa vile."

Alinitazama, Adela, kwa yale macho yake ya kuombea watu msamaha. Akanirudishia.

"Siku mutapata mutu mwenye kujua, mumwambie kweli yote. Dawa ya maji na dawa ya kitu ingine haiko moja. Akifanya dawa ya maji, na si maji, anaimaliza."

Hayo ndiyo maneno ninayolala nayo. Wewe utafika kule, utawafungulia kitenge cha Bibi mezani, watakuuliza kilichotokea, na utawaambia kwa moyo wako wote kile unachokijua. Mvua. Nilikuwa mtoto, nilinyeshewa. Nao watashika dawa ya mvua.

Leo wakati wa kula nilianza. Ulikuwa unapiga tonge, mama yako kaenda kuleta maji. Nikasema, "Adela, ile siku ya mvua..."

Ukaniwahi. "Baba, tafadhali usianze. Nimeshasema nitazifungua. Hata ikichukua miaka."

"Mimi nilitaka kusema tu..."

"Najua. Unataka kusema si kosa langu. Kila mtu anasema hivyo."

Na mimi, mtu ambaye mashine zinawaka zikisikia ndala zake, nikasema dagaa wa leo wana chumvi. Ukacheka. Ukasema hakuna dagaa leo, Baba, ni maharage.

Siwezi kukufuata Dodoma. Siwezi kuusimamia huo mche mezani kwa watu waliosoma. Siwezi kukupa namba ya kitambulisho. Hata kuongea siwezi, umeona. Ninachoweza ni kukuandikia kilichoingia humo, ili mtu wa huko ajue anashika nini. Na nitaandika haraka, kabla mdomo haujafika.

Kurasa za kitabu kile zilikuwa na mawimbi. Ni unyevu wa zamani wa huko juu, hata Bonifasi alisema zilikuwa hivyo tangu enzi. Nikiziweka chini ya simu mistari inatoka imepinda kama njia ya ng'ombe. Vitabu vingine vyenye mawimbi tuliviacha na mawimbi yake, Papa Dezire alisema picha ipinde, kitabu kisipinde. Lakini hiki kilikuwa cha mwisho, na cha mama yangu, na nilitaka padre akifungua picha aseme, huyu bwana hana mwenzake. Wewe ulikuwa umelala, homa ya ile mvua. Mama yako alikuwa kwaya.

Nikakumbuka shati langu la Jumapili. Shati lenye mawimbi tunalifanya nini? Mama yako alikuwa ameacha bakuli la wanga wa muhogo, wa kukazia kola za wanakwaya. Pasi ya mkaa ilikuwa bado ya moto.

Niliweka kipande cha bati chini ya ukurasa. Nikanyunyiza ule wanga kwa vidole, kidogo tu, nikapitisha pasi. Adela, ukurasa ulitoka umenyooka kama karatasi ya rimu mpya. Niliruka. Peke yangu humu dukani, niliruka. Nikafanya wa pili, nikafanya wa kilima cha Bibi, nikaona jina lake limelala limenyooka, zuri, na sikulipiga picha, nikasema nitapiga zote kesho kwa pamoja, zikiwa zimependeza. Nilifanya fungu lote la katikati. Halafu nikakifunga kitabu kingali na unyevu, nikaweka maboksi ya rimu juu ili kinyooke vizuri, nikaenda kulala napiga mluzi.

Asubuhi kilikuwa hivyo ulivyokiona.

Baadaye, nilipojaribu kuuliza kwa mzunguko, nikijifanya naulizia kitu kingine, Papa Dezire aliniambia kwao gundi ya kubandikia karatasi wanaipika kwa wanga huo huo. Niliwagundisha, mwanangu. Watu wa kilima kizima niliwapaka gundi, nikawapiga pasi, nikawawekea mzigo juu.

Hata hivyo pasi ningeisema. Mtu anayevunja mgongo wa kitabu kwa kiwiko, kupiga pasi ni hatua moja tu mbele, watu wangenicheka mpaka Krismasi na yakaisha. Ila asubuhi ile ile simu iliita. Bonifasi. Wewe ulikuwa umekaa hapo kizingitini, umejifunika blanketi, unakunywa uji, sweta lako limeanikwa kwenye kamba. Akauliza, "Kitabu kilifikaje?" Nikalitazama lile sweta.

Nikasema, "Mtoto alinyeshewa njiani."

Ulinisikia ukiwa pale. Uligeuka ukanitazama na bakuli mkononi, na niliona unavyoliamini neno langu.

Waambie huko ni wanga wa muhogo, na pasi ya mkaa, na uzito, na ni baba yako, jina langu ulitaje lote. Usiseme mvua. Kitabu ulikileta kikavu, Adela. Nilikitoa kwenye sweta lako kwa mikono yangu, nikakifungua, na kilikuwa kikavu.